Naimba kwa kumuenzi msanii mwingine, na sasa nyimbo zangu zinatoka kwa sauti yake: nifanyeje?

Mwanagenzi

Wakuu, kwa miaka minne nimekuwa nikiimba nyimbo za msanii mmoja aliyekwisha kufariki, katika maonyesho yanayotangazwa wazi kuwa ni ya kumuenzi. Kazi hii inanilipa na sioni haya kuifanya. Tatizo limejitokeza mwaka huu niliporekodi nyimbo nne nilizotunga mwenyewe. Nilipozisikiliza, kila mwisho wa mstari nimeburuta irabu kama yeye, nimekwaruza koo pale pale ambapo yeye angekwaruza, na rafiki yangu akaniuliza, kwa nia njema kabisa, kama ule ni wimbo wa marehemu ambao haukuwahi kutoka. Je, niache kopi kabisa, au niziingize nyimbo zangu katika maonyesho hayo hayo ili watu wazizoee?

Sikio la Tatu

Ndugu mleta uzi, usiache. Ray Charles, yule mwimbaji wa Marekani, alianza kwa kuwaiga waimbaji waliomtangulia, Nat King Cole na Charles Brown, na baadaye hakulificha jambo hilo. Sauti tunayomjua nayo ilikomaa katikati ya miaka ya 1950, alipochanganya uimbaji wa kanisani na bluzi, yaani vitu alivyovisikia tangu utotoni. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: wewe ulisikia nini kabla hujamsikia huyo unayemuenzi?

Kwa upande wa mazoezi, chukua karatasi uandike tabia zake zote: anavuta pumzi wapi, anarefusha irabu zipi, anaingia mbele ya mdundo au nyuma yake, anapeleka sauti puani wakati gani. Mwigaji mzuri huyafanya haya bila kujijua, na ndiyo maana hawezi kuyaacha. Baada ya hapo, soma maneno ya wimbo wako kwa sauti ya mazungumzo, kana kwamba unamweleza mtu habari, ujirekodi, kisha utafute noti ambazo sauti yako inazizungukia. Nakisia kwamba nyimbo zako umezitunga katika ufunguo (yaani kimo cha sauti kinachobeba wimbo mzima) unaomfaa yeye. Shusha au pandisha nusu toni mbili au tatu, na utaona baadhi ya mbinu zake zinakataa zenyewe kuingia.

Mpiga Gita wa Nyuma

Nakubaliana na Sikio la Tatu, ila suala la kuchanganya nyimbo nalipinga. Aliyelipa kiingilio amsikie marehemu hakuja kukusikiliza wewe, na ukimlazimisha atakuchukia bure. Tumia majina mawili, matangazo mawili na siku mbili tofauti, hata kama siku yako watakuja watu kumi na mmoja (mimi niliwahi kupigia tisa, wawili wakiwa wahudumu).

Watakuletea mfano wa Tim Owens, aliyetoka katika bendi ya kopi za Judas Priest, bendi ya roki, akachukuliwa na Judas Priest wenyewe awe mwimbaji wao mwaka 1996, au Arnel Pineda, ambaye mpiga gita wa Journey, bendi nyingine ya roki, alimwona kwenye video mtandaoni mwaka 2007. Ni waimbaji hodari, lakini kwa swali lako mifano hiyo inapotosha, kwa sababu walichopewa ni kiti cha mtu mwingine. Rob Halford, mwimbaji wa Judas Priest aliyemtangulia Owens, aliporudi mwaka 2003, Owens alikiachia kiti.

Jambo la haki nalo lisikupite. Kibali cha kuimba jukwaani mara nyingi hushughulikiwa na mwenye ukumbi, ilhali kurekodi na kuuza wimbo wa mwingine kuna taratibu zake kwa mwenye haki za utunzi. Matumizi ya jina na picha ya marehemu kwenye mabango hutofautiana kisheria kati ya nchi na nchi, kwa hiyo uliza kabla hujachapisha.

Koo Kavu

Ndugu yangu, huko kukwaruza koo kuangalie. Niliiga sauti ya namna hiyo bila kufundishwa, nikaishia kwa daktari akaniambia nina vinundu kwenye nyuzi za sauti, na nilikaa wiki nyingi bila kuimba. Ukiamka na sauti imekauka siku mbili mfululizo baada ya onyesho, pumzika umwone mtaalamu.

Mwanagenzi

Nawashukuru sana. Jana nimesoma maneno ya wimbo wa tatu kama nilivyoelekezwa, nikagundua kwamba sauti yangu ya kuzungumza iko chini kuliko nilivyodhani. Nimeshusha nusu toni tatu, nikauimba bila kuburuta chochote. Umetoka mfupi kwa nusu dakika nzima, na una sauti ya mtu nisiyemfahamu. Kusema kweli, sijaipenda.

Sikio la Tatu

Usiufute. Urekodi tena wiki ijayo, lakini usiwe usiku wa onyesho, na umpe yule rafiki yako ausikilize bila kumwambia ni wa nani.