Ukoo wa Bibi, Chicago: nani anakuja maktaba?

*Kundi la ukoo kwenye simu, Bibi anatuma ujumbe wa sauti. Alhamisi usiku, mwisho wa Oktoba 2025*

Mama Furaha: Jamani, hamjambo? Shikamoo Bibi, shikamoo Shangazi, shikamoo Baba Mdogo. Nimetoka maktaba sasa hivi, niko kwenye treni, siwezi kungoja nifike nyumbani ndiyo niseme.

Bibi (sauti): Marahaba mjukuu wangu. Maktaba usiku huu? Kuna nini huko?

Mama Furaha: Nilikwenda kumsikiliza mwandishi, Bibi. Pale Harold Washington, ile maktaba kubwa ya matofali mekundu mjini, yenye bundi wakubwa wa kijani juu ya paa. Mwandishi mwenyewe ni mama wa makamo, kaandika habari za mama yake aliyekuwa fundi cherehani. Kasoma kurasa kama tano, kafunga kitabu, kasema haya, zamu yenu. Watu wakaanza kuuliza. Na mimi nikanyosha mkono.

Shangazi: Wewe! Mbele ya watu wote hao?

Mama Furaha: Mbele yao Shangazi. Mkutubi akaniletea kipaza sauti, nikakishika kwa mikono miwili maana mmoja ulikuwa unatetemeka. Nikamwambia, umesema mama yako hakujua kusoma, je, ulimsomea ulichoandika? Akanyamaza kidogo. Akasema alimsomea sura moja wakiwa jikoni, mama akamkatisha: hapana, kitambaa hakikunjwi hivyo, ukikunja hivyo pindo linakimbia. Ikabidi aandike upya ukurasa mzima.

Mama Furaha: Nilimkumbuka Bibi hapo hapo. Machozi yalinitoka.

Bibi (sauti): Huyo mama alisema kweli. Pindo unalikunja mara mbili.

Shangazi: Na kiingilio dola ngapi?

Mama Furaha: Bure. Hata kitambulisho hawakuomba. Kitabu kilikuwa kinauzwa mezani, anayetaka ananunua na kusainiwa, asiyetaka anaazima kwa kadi ya maktaba.

Shangazi: Mimi maktaba niliiacha tangu watoto walipopoteza kile kitabu cha dinosaria. Kila wiki barua ya faini. Nikaona aibu, sikurudi tena. Nadhani deni lao sasa limefika mbinguni.

Kadogo: Shangazi, faini za kuchelewesha vitabu Chicago zilifutwa 1 Oktoba 2019! Na waliokuwa wanadaiwa za zamani, zote zikafutwa. Kitu kilichopotea kabisa ndicho unachotakiwa kukilipia au kuleta kingine. Nenda tu kaunta uwaulize, hawagombezi mtu.

Shangazi: Miaka sita nzima napita ng'ambo ya barabara kwa sababu ya deni lisilokuwepo?

Mama Furaha: Pole Shangazi wangu. Rudi tu.

Baba Imani: Niko mapumziko ghalani, dakika kumi na tano. Habari nzuri binti yangu. Lakini tuseme ukweli, mambo ya waandishi ni ya watu wenye nafasi. Sisi wa shifti ya usiku tutasikiliza saa ngapi? Mke wangu anahitaji Kiingereza na uraia, hahitaji hadithi.

Mama Furaha: Baba Mdogo, nakuheshimu, ila hapo sikubaliani nawe. Mtu hahitaji kimoja tu. Mimi kazi yangu unaijua, nageuza wagonjwa kitandani siku nzima. Leo kwa saa moja na nusu nimekaa na watu wanaofikiri, na mmoja wao nilikuwa mimi. Hilo nalo ni hitaji. Na hayo ya uraia na Kiingereza yako humo humo maktabani.

Mama Furaha: Matawi mengi yana kona ya uraia, vitabu na karatasi za kujisomea. Baadhi yana vikundi vya kuongea Kiingereza, mnakaa duara mnaongea tu, hakuna mtihani. Na kuna watu wanaoitwa CyberNavigators, wanakaa na mtu mzima kwenye kompyuta wanamwonyesha pole pole: barua pepe, fomu ya kazi, chochote. Bure vile vile.

Baba Imani: Bure? Mimi nimemlipa jamaa mmoja dola 250 mwezi wa sita amfundishe Mama Imani uraia. Alitupa karatasi za fotokopi, akaja mara mbili, simu akazima.

Shangazi: Uuuwi. Kaka, mbona hukusema?

Baba Imani: Ningesema nini dada. Iliniuma.

Kadogo: Baba Mdogo, maswali yote na majibu yake serikali yenyewe inayatoa bure mtandaoni. Na angalia, karatasi zenu za mwezi wa sita ni za mtihani wa zamani. Atakayepeleka ombi kuanzia 20 Oktoba 2025 anafanya mpya: orodha ni maswali 128 badala ya 100, unaulizwa hadi 20, unatakiwa upate 12. Zamani ilikuwa 10, upate 6.

Mama Imani: Nimeona. Nimekuwa nasoma kimya kimya. Mimi zile fotokopi nimezikariri zote.

Mama Furaha: Hazijapotea bure Mama Mdogo, mengi ya humo yamebaki. Ila chukua orodha mpya.

Mama Imani: Tatizo langu siyo majibu. Ni mdomo. Kiingereza changu ni cha kazini, sanduku hili, sanduku lile, mlango namba nne. Afisa akiniuliza kwa haraka nafunga. Na kuna kusoma sentensi na kuandika.

Kadogo: Kusoma wanakupa sentensi tatu, ukisoma moja sawasawa umepita. Kuandika hivyo hivyo, moja kati ya tatu.

Mama Imani: Hilo duara la kuongea wako wanawake?

Mama Furaha: Nilipokwenda mara ya kwanza tulikuwa wanawake saba na wanaume wawili. Mwanamume mmoja wa Guatemala, hana hata neno la Kiingereza, anacheka tu. Baada ya mwezi anatusimulia alivyooa. Mama Mdogo, nitakaa kando yako. Ukikwama nakunong'oneza.

Shangazi: Na mimi niliyefika 2008? Kiingereza cha afisa sikiwezi, nina miaka 58.

Kadogo: Wewe uko pazuri Shangazi. Aliyetimiza miaka 55 na amekaa na grinikadi, ile kadi ya ukaazi wa kudumu, miaka 15 hafanyi cha Kiingereza kabisa. Maswali ya historia na serikali unajibu kwa Kiswahili, unakwenda na mkalimani. Ni yale 128 lakini kwa lugha yako.

Shangazi: Kwa Kiswahili???

Kadogo: Kwa Kiswahili. Au Kirundi.

Shangazi: Nimekaa chini.

Bibi (sauti): Na mimi je? Niseme miaka yangu? Sabini na moja.

Kadogo: Bibi, na wewe unaweza sasa hivi kwa lugha yako, ila ni yote 128. Ukisubiri 2028, utakuwa umetimiza miaka 20 ya grinikadi na umepita 65, hapo unasoma maswali 20 tu, unaulizwa 10, upate 6.

Bibi (sauti): Sisubiri. Nimesubiri sana maisha haya. Sikilizeni. Tulivuka kutoka Burundi kwenda Kongo 1972, mimi msichana wa miaka kumi na minane, sijui hata kuandika jina. 1996 tukakimbia tena, tukavuka ziwa, Kigoma. Nimejifunza a, e, i, o, u pale kambini Mtabila, kisomo cha watu wazima, chini ya mti, nina watoto wakubwa. Wanawake wenzangu walinicheka, nikawaacha wacheke. Siku nilipoandika jina langu mwenyewe kwenye karatasi ya mgao, badala ya kuweka dole gumba, yule kijana wa mgao aliinua macho akanitazama usoni. Mara ya kwanza. Sasa hayo maswali 128 yatanishinda nini?

Mama Furaha: Bibi ❤️

Baba Imani: Mama, hiyo ya karatasi ya mgao hukuwahi kutuambia.

Bibi (sauti): Hamkuwahi kuuliza.

Kadogo: Bibi, nikusimulie kitu. Hapa Chicago alikuwepo mama mmoja, Vivian Harsh, mtu mweusi wa kwanza kuwa mkuu wa tawi la maktaba katika mji huu. Tawi la Hall, kona ya barabara ya Michigan na ya 48, lilifunguliwa 1932 wakati watu hawana kazi, hawana hela. Yeye akaanzisha jioni za vitabu kwa watu wazima. Waandishi weusi mashuhuri wakaja: Langston Hughes alikuja, Zora Neale Hurston alikuja, Richard Wright, Gwendolyn Brooks. Wakaongea na majirani. Akakusanya pia maandishi ya watu weusi, leo yako maktaba ya Woodson, mtaa wa 95. Tawi la Hall bado lipo.

Mama Furaha: Umeona Baba Mdogo? Watu waliokuwa hawana kazi wala hela ndio waliojaza jioni hizo.

Baba Imani: Nimeona. Nilikosea kusema vile.

Kadogo: Na maktaba ya mji huu yenyewe ilianza baada ya moto wa 1871. Mji umeungua, Waingereza wakaleta vitabu zaidi ya 8,000, na mwaka 1873 ikafunguliwa ndani ya tangi la maji lililoachwa.

Bibi (sauti): Ndani ya tangi. Kumbe na wao walikuwa wakimbizi wa moto.

Shangazi: Hiyo ya kwetu hapa barabara ya Western ni tawi gani? Lile la chini ya nyumba za wazee?

Mama Furaha: Hilo hilo, Northtown, Western na Pratt. Limefunguliwa 2019. Chini maktaba, juu nyumba 44 za wazee. Bibi, rafiki yako wa kwaya si anakaa pale?

Bibi (sauti): Anakaa. Kila nikienda kunywa chai napita kwenye vile vioo, naona watu wameinama wanasoma. Nikadhani ni ofisi.

Baba Imani: Muda wangu umeisha, narudi kwenye masanduku. Jumamosi sina shifti. Gari linachukua wanne.

Mama Furaha: Tuanze Northtown basi, kadi kwa kila mtu, halafu tuulize vikundi vya Kiingereza viko tawi gani na siku gani. Chukueni kitambulisho chenye picha na barua moja yenye anwani, ya umeme au ya benki. Uraia hawaulizi. Mwandishi mwingine akija mjini nitawaambia mapema. Kwenda ile maktaba kubwa ni treni ya laini nyekundu, tunashuka kituo cha Jackson, tunatembea kidogo kusini.

Shangazi: Kitabu chake nikiwa sijakisoma?

Mama Furaha: Unaenda tu. Mimi cha leo sikuwa nimekisoma. Nimekiazima, kiko kwenye mkoba, niko ukurasa wa 12 na nimepitiliza kituo.

Mama Imani: Nitakuja.

Baba Imani: Saa nne asubuhi naanzia kwa Mama, halafu kwa dada.

Bibi (sauti): Saa tatu na nusu nitakuwa mlangoni. Mwanangu, unipitishie kwanza dukani, ninunue daftari la mistari, na penseli. Siyo kalamu. Penseli.