TUPEANE UZOEFU: Wenye tezi ya shingo inayozidisha homoni, miaka inavyokwenda mnaishije?

Wakuu habari zenu. Waifu kaambiwa ana ugonjwa wa Graves (kinga ya mwili inaichochea tezi izidishe homoni), TSH, ile homoni ya kuiamrisha tezi, imeshuka hadi karibu na sifuri, T4, homoni ya tezi yenyewe, ipo juu, kaanzishiwa kabimazoli ya kupunguza homoni na propranololi ya kutuliza moyo. Mapigo yametulia, mwili unarudi. Swali letu ni la huko mbele, hii kitu inaisha au ndo tumeoana nayo? Wenye miaka mingi nayo karibuni, wauza mizizi piteni kando.

Mama Kulwa: Pole kwa shemeji. Mi nilivyokonda mtaani walishanipima kwa macho wakanibandika ugonjwa, unaujua upi. Na kula nakula, ugali namaliza sahani nzima kilo zinashuka tu, jasho, mikono inatetemeka hadi uzi hauingii kwenye sindano na mi ndo fundi cherehani. Nikameza kabimazoli mwaka na nusu, vipimo vikawa safi dokta akasitisha, ikarudi. Akasema inawarudia karibu nusu ya watu wakishaacha, kwahiyo msianze kutafuta aliyewaroga. Saivi niko dozi ndogo ya muda mrefu, nashona kama kawa.

Kibabu: Nyongeza, akipata homa na koo linauma akiwa kwenye kabimazoli asimeze panado akalala. Asimamishe hiyo dawa akapime damu siku hiyohiyo, ni mara chache ila inaweza kushusha chembe nyeupe za damu, zile za kinga, vibaya sana.

Dada wa Ukonga: Mi nilipewa dawa ya mionzi hospitali ya Ocean Road, unameza tu. Nikalala chumba changu, mtoto akaenda kwa bibi yake, na mimba nikaambiwa nisubiri angalau miezi 6. Baadae tezi ikazima kabisa nikanenepa, usingizi kila saa, sasa nameza levothairoksini, kidonge cha kuziba pengo la homoni ya tezi, kila asubuhi tumbo tupu, chai baada ya nusu saa, na ni ya maisha. Kwangu bora hivi kuliko moyo kukimbia usiku kucha.

Mwanzisha mada: Asante dada. Macho je? Ya waifu yametoka kidogo.

Dada wa Ukonga: Hapo amwambie dokta kabla ya kukubali mionzi, inaweza kuyazidisha. Na kama anavuta sigara aache, sigara na macho ya Graves haviivi chungu kimoja, na wewe mkuu kama unavuta kavutie nje.