Tangi la samaki lisilotobolewa: sifoni ya mabomba ya PVC inakatika kila umeme ukikatika

Mbuna_Dodoma aliuliza:

Habari za jioni ndugu zangu. Nina tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 120, upana wa 45 na kimo cha 50, ambalo nililinunua likiwa limekwisha kutumika, na ndani yake ninafuga mbuna wa Ziwa Nyasa wapatao 25. Wafugaji wa samaki hawa wanajua kwamba huwekwa wengi pamoja ili ugomvi usimwelemee mmoja, na uchafu wao chujio dogo la kuning'iniza ukingoni haliuwezi. Kwa hiyo nimetengeneza tangi la chini la sentimita 60 kwa 35 kwa 35, litakalokaa ndani ya kabati likiwa na sponji, mawe ya chujio na pampu ya kurudisha maji juu.

Shida yangu ni kuyashusha maji. Tangi la juu halina tundu, na sijui kama kioo chake ni cha kawaida au ni kile kilichoimarishwa kwa moto. Fundi vioo wa mtaani alikigonga kwa ukucha mara mbili, akatikisa kichwa, akasema hataki lawama. Nimeunganisha basi sifoni, yaani bomba la PVC la inchi moja na nusu linaloanza karibu na uso wa maji, likapanda, likavuka ukingo na kushuka moja kwa moja hadi tangi la chini. Nimelijaribu barazani na linavuta vizuri, lakini nikizima pampu maji hushuka mpaka kwenye mdomo wa bomba, hewa ikaingia, na nikiwasha tena bomba halivuti kabisa huku pampu ikiendelea kupandisha maji hadi yakamwagika. Umeme wetu hauagi unapoondoka. Nifanyeje ili sifoni isikatike, na je, mtu anaweza kulala usingizi akiwa na mtambo wa namna hii sebuleni?

Kiwiko wa Mwanza alijibu:

Ndugu, sifoni yako inakatika kwa sababu haina mahali pa kuhifadhi maji yake pampu inaposimama. Tazama bomba lililo chini ya sinki la jikoni: lina kona inayobaki na maji muda wote ili harufu isipande. Sifoni ya tangi inahitaji kona mbili za aina hiyo, moja ndani ya tangi na nyingine nje.

Anza na bomba la ndani lililosimama wima, mdomo wake ukiwa kwenye kimo unachotaka uso wa maji ukae. Bomba hilo lishuke kama sentimita 40, ligeuke kwa elbo mbili (viungo vya kona), lipande hadi juu ya ukingo, livuke, kisha lishuke nje. Huko nje usilipeleke moja kwa moja kwenye tangi la chini, bali ligeuke tena kwa elbo mbili na kupanda kidogo mpaka kwenye tii (kiungo chenye umbo la herufi T), na ubavuni mwa tii hiyo ndipo litoke bomba la kushukia. Tundu la juu la tii usilizibe. Liongeze kipande cha bomba kifike usawa wa ukingo wa tangi na ukiache wazi, kwa sababu ukiziba hapo, bomba la kushukia nalo litakuwa sehemu ya sifoni na litanyonya maji yote ya kona.

Jambo linalowakosesha wengi ni kimo cha tii. Ni lazima iwe chini ya mdomo wa ndani, kwa kuwa tofauti ya vimo hivyo viwili ndiyo inayoyasukuma maji, na kadiri tii inavyoshuka ndivyo mtiririko unavyoongezeka. Lakini ni lazima pia iwe juu ya kona ya ndani. Mimi nimeiweka sentimita 25 chini ya mdomo. Umeme ukikatika, maji ya tangi hushuka hadi mdomoni na kukoma hapo. Yaliyo ndani ya bomba lililosimama hushuka hadi usawa wa tii, na bado sentimita 15 za maji zinabaki juu ya kona. Hewa haina njia ya kufika kileleni, na pampu ikirudi kazi inaendelea kama vile hakuna kilichotokea.

Kwenye mdomo wa ndani kata meno kwa msumeno wa chuma. Mwaka jana konokono mmoja mwenye ukubwa wa kifungo cha shati alikwama katika bomba langu lisilo na meno, na nilimgundua kwa kukanyaga zulia lililolowa.

Bi Maji alijibu:

Maelezo ya kaka Kiwiko ni sahihi, ila naongeza habari ya hewa, kwa kuwa kona mbili zinaizuia hewa ya kuingia mdomoni tu. Kileleni mwa sifoni shinikizo ni dogo kuliko la nje, hivyo gesi iliyoyeyuka majini hujitenga taratibu, na viputo vidogo vinavyomezwa pamoja na maji hukusanyika pale pale. Mtiririko ukiwa na nguvu, viputo husombwa. Ukiwa mlegevu, vinakaa na kuungana, na baada ya majuma kadhaa sifoni inakufa bila umeme kukatika hata mara moja.

Ndiyo maana bomba lako la inchi moja na nusu linanitia wasiwasi. Watu huchukua bomba nene kwa kudhani kwamba ndilo la usalama. Pampu inayojaza ndoo ya lita 20 kwa dakika moja inapeleka lita 1,200 kwa saa. Maji hayo katika bomba la inchi moja hukimbia takriban sentimita 68 kwa sekunde, lakini katika bomba lako yatajikokota kwa sentimita 29 hivi. Tumia inchi moja. Ukihitaji maji mengi zaidi, weka sifoni mbili nyembamba, nayo moja ikiziba nyingine itakufaa.

Halafu gundi. Bomba la kawaida likiwa na ufa utaliona likidondosha maji, lakini sifoni yenye ufa juu ya uso wa maji haidondoshi chochote nje, bali huvuta hewa ndani kimyakimya. Kila kiungo kati ya kona ya ndani na kona ya nje kipakwe gundi ya PVC pande zote mbili na kiachwe kikauke siku nzima. Tii na mabomba yaliyo baada yake unaweza kuyaacha bila gundi ili uyafungue kuyasafisha.

Kileleni toboa tundu dogo, upachike koki ya plastiki ya mpira wa hewa, nayo ndiyo utakayoanzia sifoni kwa kuvuta hewa kwa sirinji kubwa. Mimi mpira huo nimeuunganisha kwenye tundu la kuvutia hewa la pampu ndogo iliyozama tangini, pamoja na vali ya njia moja, ili hewa inyonywe kileleni saa zote.

Mzee wa Ndoo alijibu:

Nitakuwa mkaidi kidogo. Kama ingethibitika kwamba kioo ni cha kawaida, ningekushauri ukitoboe kwa keekee ya almasi huku ukikimwagia maji, kwa maana tundu haliwezi kukosa pumzi. Lakini kioo kilichoimarishwa kwa moto hupasuka chote vipande vidogo pindi unapokigusa kwa keekee, na maadamu hujui chako ni kipi, fundi wako alifanya vyema kukataa.

Kuhusu kulala usingizi, mwanangu, usiitegemee sifoni. Fanya hesabu ukichukulia kwamba itakufa usiku. Katika tangi lako kila sentimita ya kimo ni lita 5.4. Ukiacha sentimita 3 tupu kati ya uso wa maji na ukingo, una nafasi ya lita 16. Sasa pima chumba cha pampu katika tangi la chini: kikiwa na urefu wa sentimita 15 na upana wa 35, na pampu ikaweza kukishusha kutoka kimo cha 22 hadi 5, itapandisha lita 9 tu na kubaki inakoroma patupu. Sakafu itabaki kavu. Pampu inaweza kuungua, hivyo weka swichi ya boya inayoizima.

Hesabu ya pili ni ya maji yanayoshuka. Pampu ikizimika, bomba la kurudishia nalo linageuka sifoni na kurudisha maji kinyumenyume. Mdomo wake ukiwa umezama sentimita 10, zitashuka lita 54, na juu ya kimo cha 22 tangi lako la chini lina nafasi ya lita 27 tu. Toboa tundu dogo kwenye bomba hilo, mara tu chini ya uso wa maji, lipate kuvuta hewa mapema, na ulisafishe kila wiki kwa sababu ukungu wa kijani unalipenda sana.

Mbuna_Dodoma alijibu:

Nawashukuru sana, shikamoo Mzee. Nimebomoa bomba la awali na kujenga la inchi moja lenye kona mbili. Chumba cha pampu kilikuwa kikubwa mno, kingeweza kupandisha lita 21, kwa hiyo nimesogeza ukuta wake wa kioo hadi zikabaki 10. Tangu jana asubuhi nimezima swichi ya ukutani mara kumi na mbili, na sifoni imeanza yenyewe kila mara. Mara ya kumi na tatu nilifungua koki ya kileleni makusudi ili hewa iingie: maji yalipanda, yakasimama kama sentimita moja kabla ya ukingo, na boya likazima pampu. Kelele za maji yanayoporomoka ndani ya bomba la ndani bado zipo, na mke wangu ameuliza kama nimeleta mto nyumbani.

Kiwiko wa Mwanza alijibu:

Weka koki kwenye bomba linalotoka kwenye tii na uifunge kidogo kidogo, mpaka maji ndani ya bomba yapande karibu na mdomo, kwa maana kelele inatokana na urefu wa mporomoko. Usiifunge zaidi ya hapo, na ukimaliza rudia lile jaribio la kuzima na kuwasha.