Eti duka kubwa litaleta mapato: tuonesheni hesabu nzima, siyo nusu

Wakuu, nimechoka. Kila kampuni kubwa inapotaka kujenga duka lake pembezoni mwa mji mdogo, lile jengo bapa kama ghala lenye maegesho mapana kuliko duka lenyewe, wimbo ni uleule: mapato, mapato! Ukiuliza swali unaambiwa unapinga maendeleo. Sasa mimi nauliza, na sitaki kujibiwa kwa kaulimbiu.

Mapato gani hayo? Duka likifunguliwa, mishahara ya watu haipandi siku hiyo. Wanaingia na fedha ileile waliyokuwa wakiiacha kwenye maduka ya mtaani. Fedha imehama kaunta, na kodi yake imehama nayo. Halafu halmashauri inaandika kodi ya duka jipya kama nyongeza, huku ile iliyokuwa ikilipwa na maduka yaliyofunga haionekani kwenye karatasi yoyote. Huo ni udanganyifu. Nakubali, wateja wa miji jirani wataleta fedha ya nje. Ila mji jirani nao ukijenga la kwake, mnabaki na nini?

Na ajira je? Mwaka 2008 mchumi David Neumark na wenzake walichapisha utafiti kuhusu Walmart, kampuni kubwa ya maduka nchini Marekani. Walikadiria kwamba kila mfanyakazi mmoja aliyeajiriwa na kampuni hiyo alichukua nafasi ya wafanyakazi 1.4 wa rejareja. Wapo watafiti waliopata matokeo tofauti, sikatai. Lakini kwenye vikao mnatajiwa ajira zinazokuja tu. Zinazokufa hazina msemaji.

Tukija kwenye ardhi ndiyo napandwa na hasira zaidi. Kule Asheville, jimbo la North Carolina, Marekani, mtaalamu wa mipango miji Joe Minicozzi alilinganisha kodi ya majengo kwa kila ekari. Walmart, iliyokalia ekari 34, ilikuwa inaingiza kama dola 6,500 kwa ekari kwa mwaka. Jengo la zamani lililokarabatiwa katikati ya mji, lenye maduka chini na makazi juu, liliingiza kama dola 634,000 kwa ekari. Yaani karibu mara mia! Na barabara, mifereji, taa na polisi wa kuhudumia zile ekari 34 analipa nani? Bado hapo sijagusa misamaha ya kodi wanayopewa ili wakubali kuja.

Sasa someni hili polepole, maana ndilo wengi hawalijui. Marekani wanaliita nadharia ya duka lenye giza. Duka liko wazi, limejaa bidhaa, wateja wamepanga foleni, lakini mwenye duka anakwenda kwenye baraza la rufaa za kodi na kudai jengo lake lithaminiwe kama jengo tupu lililotelekezwa. Ushahidi wake ni bei ya majengo kama hayo yaliyouzwa yakiwa matupu. Na kwa nini yaliuzwa kwa bei ya kutupa? Mara nyingi ni kwa sababu kampuni iliyohama iliweka sharti kwenye hati kwamba mnunuzi asiendeshe biashara ya kushindana nayo. Wanalifunga jengo kwa mikono yao, linashuka thamani, kisha thamani hiyo iliyoshuka inatumika kupunguza kodi ya duka linalofanya kazi! Jimbo la Michigan yalitokea hayo, na mji wake mdogo wa Escanaba ukajikuta mahakamani na Menards, kampuni ya maduka makubwa ya vifaa vya ujenzi. Mji wenye mwanasheria mmoja na bajeti ya kubana unapambana na jopo la mawakili. Ukishindwa, kodi inashuka, na wakati mwingine unadaiwa urudishe uliyokwisha kuitumia. Mapato mliyoyaimba yako wapi?

Na wanaweza kuondoka. Januari 2016 Walmart ilitangaza kufunga maduka 269 duniani, 154 kati yake Marekani. Oriental, mji mdogo sana wa North Carolina, ulikuwa umepata tawi mwaka 2014, na halikuwa hata duka kubwa, lilikuwa tawi dogo. Duka la vyakula la wenyeji likashindwa, likafunga. Muda mfupi baadaye tawi nalo likafungwa. Wazee wa mji ule wakabaki wanasafiri kufuata vyakula na dawa, vitu walivyokuwa navyo kabla mgeni hajaja.

Sisemi kila duka kubwa lifukuzwe. Nawaambia madiwani wa mji wowote ulio mezani na hawa watu: kabla ya saini, andikeni kwenye mkataba kwamba hawatalifunga jengo kwa masharti siku wakihama. Andikeni kwamba hawatakata rufaa ya kodi kwa kutumia bei za majengo matupu. Wadaini waweke dhamana ya kulibomoa wakiliacha. Ipo miji Marekani inayodai hivyo. Tathmini ya athari kwa maduka yaliyopo mlipe ninyi, ifanywe na mtu mliyemchagua ninyi, siyo kijitabu cha rangi walichokuja nacho wao.

Wakikataa hata moja kati ya hayo, njooni hapa mtuambie walikataa lipi. Na wewe unayejiandaa kuniita adui wa maendeleo, anza na lile swali la kwanza: ukitoa kodi ya waliofunga, inabaki kiasi gani?