Tupeane uzoefu: kompresa ya AC ya gari inashika, inaachia, inashika tena

Wakuu, poleni na joto. Huu ndio msimu wa mafundi AC kuvuna. Dalili karibu zote zinafanana: unasikia "ta", ubaridi unakuja, "ta" nyingine, umekata. Na jibu la mafundi wengi ni moja tu: gesi imeisha, tujaze.

Kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi ya AC, kukata si lazima iwe ugonjwa. Zenye klachi (sumaku ya umeme inayoiunganisha kompresa na puli ya injini) zimeundwa hivyo; kulingikoili, ile koili inayopoza hewa ya ndani, ikikaribia kuganda, sensa inaikata kompresa ipumzike. Cha kuangalia ni inakata baada ya muda gani na ukiwa wapi. Fungua boneti, AC ikiwa imewashwa, utazame bamba la mbele la kompresa: puli huzunguka muda wote injini ikiwaka, bamba huzunguka klachi ikishika tu.

Naanza na gari langu, la Kimarekani, swichi ya presha iko upande wa presha ndogo. Lilikuwa linashika sekunde chache, linaachia. Geji zilipofungwa, sindano ya bluu, ya presha ndogo, ilikuwa inaporomoka chini ya 25 psi (kipimo cha presha) kila kompresa ikishika, swichi inakata, presha inapanda yenyewe, mchezo unaanza upya. Gesi pungufu, sibishi. Lakini gesi haiishi kama petroli! Mfumo umefungwa, ikipungua, kuna inapotokea. Nikamwambia fundi hatujazi mpaka tupaone. Kona ya chini ya kondensa (ile kama rejeta ya mbele inayotoa joto la gesi), kwenye maungio ya paipu, palikuwa na doa la mafuta lililonasa vumbi. Mafuta ya kompresa husafiri na gesi, kwa hiyo panapovuja huloa. Akapaka povu la sabuni, vipovu vikaanza kuchipua pale pale. Tukabadilisha kondensa, oringi (mipira ya maungio) na draya (kichujio cha unyevu), akavuta vakyumu, yaani akanyonya hewa yote, akafunga geji na kusubiri aone kama sindano itapanda; ikipanda, bado panavuja. Ilipotulia ndipo akajaza kwa mizani, gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko cha boneti. Fundi asiyekuwa na mizani anabahatisha.

Angalizo: Toyota nyingi swichi yake iko kwenye paipu ya presha kubwa. Huko gesi ikiisha kabisa kompresa haishiki hata mara moja.

Haya, wengine mwageni.

Mdau wa Kimara: Langu lilikuwa linanidhalilisha kwenye foleni ya Morogoro Road. Kibamba natembea, baridi mpaka nafunga vifungo vya shati. Nikifika Ubungo nikasimama, kompresa inaanza kukata kata na joto linaingia. Fundi wa kwanza akaongeza gesi, ikawa mbaya zaidi. Wa pili hakugusa hata geji. Akachukua ndoo, akamwagia maji kondensa injini ikiwa inaunguruma, na ubaridi ukarudi hapo hapo. Feni ya kondensa ilikuwa imekufa. Ukitembea, upepo wa barabarani unafanya kazi yake. Ukisimama, presha kubwa inapanda hadi swichi inakata kuokoa kompresa. Na gesi ya ziada inaipandisha zaidi. Nikapata mota iliyotumika Ilala, tukaijaribu kwenye betri kabla sijatoa hela, kisha tukatoa gesi na kujaza upya kwa kipimo.

Mdau wa Kigamboni: Kondensa zetu huku zinaliwa na chumvi. Ukizishika mapezi yanabaki mkononi kama majani makavu. Hewa haipiti, presha inapanda, inakata. Feni yenyewe nzima, haina tatizo.

Dada wa Sinza: La kwangu asubuhi halina shida. Jua likiwaka na injini ikichemka, bamba linaachia na halirudi mpaka gari lipoe. Niliambiwa ninunue kompresa. Fundi umeme mmoja akaweka taa ya kupimia kwenye waya wa klachi wakati imeachia: taa inawaka. Maana yake umeme unafika, sumaku ndiyo haivuti. Bamba likilika, nafasi yake na puli inapanuka, na koili ya klachi ikipata joto sumaku inapungua nguvu. Akafungua nati, akatoa washa moja nyembamba nyuma ya bamba, akarudisha. Nafasi ikishapita milimita moja hivi, nyingi huanza usumbufu huu. Kabla ya hapo alikuwa ameshabadilishana rilei (swichi ndogo ya umeme) ya AC na ya honi, kuhakikisha si yenyewe.

Mdau wa Mbagala: Mimi safari ndefu tu, nikikaribia Chalinze upepo unakufa, nikizima AC kidogo unarudi. Kulingikoili ilikuwa inaganda kwa kukosa hewa. Filta ya ndani ilijaa majani na manyoya ya panya, sitaki kusema zaidi.

Mdau wa Temeke: Wakuu, kuna jamaa anajaza gesi ya friji za nyumbani kwa bei ya kutupa. Vipi?

Mwanzisha uzi: Mkuu, muulize ni gesi gani hasa. R600a ya friji inawaka moto, na magari yetu mengi yametengenezewa gesi ya R134a. Usikubali. Halafu hujasema linakata wakati gani. Kama ni kwenye foleni tu, anza na ndoo ya maji ya mdau wa Kimara, kisha rudi utupe majibu pamoja na aina ya gari.