Naomba ushauri: ndama wa ngamia wana vidonda mdomoni, ni ndui au ni orfu?

Wafugaji wenzangu na madaktari wa mifugo, salaam. Tunafuga ngamia kaunti ya Marsabit. Ndama kadhaa wamevimba midomo, wametoa malengelenge ambayo sasa yamekauka na kuwa magaga hadi puani. Kunyonya kunawashinda, wanakonda, na inaniuma sana kuwatazama. Wakubwa bado wazima.

Wazee wanasema ni ndui ya ngamia. Daktari aliyepita anasema huenda ni orfu, ugonjwa mwingine wa virusi unaotoa vidonda mdomoni, kwani kwa macho yanafanana mno ingawa virusi ni vya aina mbili tofauti. Alinieleza kuwa kipimo cha PCR, kinachotafuta vinasaba vya kirusi kwenye gaga, ndicho kitakachotenganisha. Kipimo cha damu kinaonyesha kingamwili tu, yaani mnyama amewahi kukutana na kirusi, hata kama ni zamani.

Sasa nauliza: gaga likusanywe vipi, na lisafirishweje katika joto hili mpaka maabara? Barafu huku ni shida. Kuna aliyepeleka sampuli Nairobi akapata majibu, na gharama ilikuwaje? Je, chanjo ya ndui inayotumika nchi za Ghuba inapatikana Kenya?

Nimewatenga wagonjwa, na vijana wanaowashika nimewapa glavu, maana magonjwa yote mawili yanaweza kumpata binadamu. Maziwa tunachemsha. Vidonda vyenyewe nivioshe na nini visiingie usaha? Tafadhali, aliyepitia haya anijibu mapema, kuna ndama wawili hali yao si nzuri.