Kikao kimekwisha, lakini kichwani mwangu bado kinaendelea

Mtoa mada:
Ndugu zangu, naomba ushauri. Jumamosi, katika kikao cha harusi ya binamu yangu, nilipendekeza tupunguze fedha za mapambo ili chakula kitoshe. Mwenyekiti alinyamaza kidogo, akashusha miwani yake, kisha akaendelea na ajenda iliyofuata. Tangu siku hiyo nikifumba macho naiona ile miwani ikishuka, nayarudia maneno yangu moja baada ya jingine nikitafuta lililomkera, na jana usiku niliandika ujumbe mrefu wa kumwomba radhi, nikaufuta, nikauandika tena. Hali hii hunipata karibu kila nizungumzapo na watu ninaowaheshimu. Nifanyeje?

Mchangiaji wa kwanza:
Pole sana, ndugu yangu. Wanasaikolojia David Clark na Adrian Wells walieleza mwaka 1995 kwamba mtu mwenye hofu ya kuwa mbele za watu huyachambua mazungumzo upya baada ya kuachana nao, na kwa kuwa anachokikumbuka zaidi ni wasiwasi aliokuwa nao, kila marudio humfanya ajione amekosea zaidi. Mwaka 2018 Erica Boothby na wenzake walionyesha kwamba watu waliozungumza kwa mara ya kwanza walidhani wamependwa kidogo kuliko walivyopendwa kwa kweli. Tenganisha, basi, ulichokiona na ulichokifasiri: ulichokiona ni miwani kushushwa, hasira umeiongeza wewe.

Mchangiaji wa pili:
Nimekuwa katibu wa vikao vya harusi mara nyingi, na mwenyekiti anaponyamaza, mara nyingi huwa anawaza ahadi za michango ambazo hazijalipwa. Sikuambii uache kuwaza, maana wazo linalofukuzwa hurudi na nguvu. Liandike daftarini jioni kwa dakika kumi na tano, ulifunge, kisha ushike kazi ya mikono. Ujumbe wa kuomba radhi usiutume usiku kamwe. Ikiwa hofu hii imeanza kukufanya ukwepe vikao, tafadhali muone mtaalamu wa saikolojia, inatibika.

Mtoa mada:
Nawashukuru kwa dhati. Leo asubuhi nilimpigia mwenyekiti kuhusu mchango wangu, naye akaniuliza kama namfahamu mpishi wa bei nafuu, kwa sababu wajumbe wawili wameunga mkono hoja yangu. Habari ya miwani sikuigusa. Daftari nimelinunua, nitaanza usiku huu.